Nilisema Amezidiwa

Nataka kuandika habari za mjukuu wangu, yule anayesoma vyuma kwa kompyuta, na habari za neno moja nililomwambia kwenye simu. Watu wameshaisimulia habari hii kwa namna yao, kanisani na hata kwenye foleni ya mashine ya kukoboa mpunga. Wanasema msichana alipanda juu akawasahau waliomlea, babu yake akafa akimngoja. Kumngoja alimngoja kweli. Lakini hakusahauliwa. Mimi ndiye niliyesema, na mtoto alisikia vile nilivyomfundisha mwenyewe kusikia. Nimemwuliza kama naweza kuandika, akasema, "Andika, bibi, ila usinipambe."

Sitataja jina la mtu. Siyo kwamba nimesahau. Darasa niliishia la nne, lakini majina hayanitoki. Nawakumbuka walimu wote walionichapa, na mbuzi wa mama yangu kila mmoja kwa jina lake. Ila majina ya watu ni ya wenyewe, na wengine hawapo tena wa kunijibu. Nitasema babu, nitasema mjomba, inatosha.

Sisi tuko Kimwani, upande wa Muleba wenye mpunga. Mume wangu alilima kama wengine, lakini kazi aliyojulikana kwayo ilikuwa kulehemu. Siku ya gulio alitandika gunia lake, akawasha jiko la mkaa, akaweka ndani kile chuma chake chenye kichwa cha shaba mpaka kipate moto wa kutosha. Hapo ndipo walipomletea ndoo zilizotoboka, birika, koroboi, na zaidi karabai za wavuvi. Wavuvi walitoka visiwani, wengi si watu wa huku, wamefuata dagaa kutoka kwao mbali. Walimwita daktari. "Daktari, mgonjwa huyu anavuja." Naye anaigeuza ile karabai, anaigonga kwa kucha, anasema, "Huyu atapona. Kaleteni mwenzake."

Mama wa huyo mjukuu, binti yangu wa kwanza, alitutoka mtoto akiwa hajatimiza miaka mitatu. Baba yake alikwenda kutafuta dhahabu upande wa Geita, hakurudi. Basi nikambeba mgongoni, nami nikiwa nimeshasahau habari za kubeba. Babu yake akamwita mke mdogo. Asubuhi utamsikia: "Mke mkubwa, lete chai. Na mke mdogo naye mpe, asije akaniacha kwa njaa." Mtoto anajibu, "Nitakuacha, wewe mzee huna meno." Ndivyo walivyoishi.

Siku za gulio alikuwa anamfuata, anakaa pembeni ya jiko, anamshikia koleo. Siku moja, yuko darasa la nne au la tano, mama mmoja akaleta sufuria ya alumini yenye tundu. Babu akairudisha bila hata kuipasha moto.

"Mbona huyu humtibu?" mtoto akauliza.

"Alumini. Inakataa."

"Inamkataa nani?"

"Inaikataa lehemu. Bati linakubali, shaba inakubali. Alumini haitaki."

"Kwa nini haitaki?"

"Iulize."

Akaichukua ile sufuria, akaiweka sikioni, akaiuliza kweli. Mvuvi mmoja aliyekuwa anangoja taa yake akacheka mpaka akakaa chini. Mtoto hakucheka. Aliirudisha sufuria kwa mwenyewe, akanyamaza siku nzima. Nilipomwuliza jioni ana nini, akasema, "Bibi, lazima iwe na sababu." Mimi nikamwambia aende akateke maji.

Alifaulu, akapelekwa sekondari Bukoba mjini. Alikaa Bilele kwa mdogo wangu. Huko ndiko lilikotokea jambo ambalo sina budi kulieleza, maana bila hilo mtu hataelewa la mbele. Akiwa kidato cha pili, mama yangu mzazi alifariki hapa nyumbani, kikongwe aliyeshiba siku zake. Nikampigia mdogo wangu simu, nikasema mama amezidiwa, njooni. Mdogo wangu akaelewa, akajifunga kitenge, akaanza kulia palepale kimyakimya. Mtoto hakuelewa. Alisikia kwamba bibi mzaa bibi anaumwa sana, naye akapita sokoni akamnunulia machungwa. Alifika hapa uwanjani na mfuko wa machungwa mkononi, anatabasamu, akakuta viti vimepangwa na wanawake wamekaa chini. Mfuko ukamponyoka.

Alinikasirikia. "Bibi, ulisema amezidiwa. Nimeleta machungwa!"

Nikamketisha. Nikamwambia, "Mwanangu, sisi hatumrushii mtu kifo kwenye simu kama jiwe. Mtu akisikia hilo yuko njiani au yuko jikoni ataanguka. Tunasema amezidiwa. Anayesikia anajua, anajikaza, anasafiri, anafika kulia pamoja na wenzake. Na ukiambiwa hivyo usiulize zaidi. Usimlazimishe anayekuambia alitamke. Umenisikia?"

"Nimesikia."

"Siku nyingine utajua."

"Nitajua, bibi."

Nami nikaridhika kwamba nimefundisha mtoto adabu za kwetu.

Kidato cha tatu, likizo, alirudi ana haraka kama mtu aliyeota. Hata mzigo hakuutua vizuri. "Babu, nimejua kwa nini inakataa! Alumini ina ngozi."

"Ngozi ya mbuzi?"

"Usinitanie. Ina ngozi nyembamba, haionekani. Ukiikwangua, inaota nyingine hapohapo, kabla hujafikisha lehemu. Hewa ndiyo inayoiotesha. Lehemu haigusi alumini hata siku moja, inagusa ngozi tu."

Babu akamtazama. "Sasa tufanyeje?"

"Tuifiche hewa. Tuikwangue ndani ya mafuta."

Wakatafuta mafuta ya mashine kwa yule mwenye kinu cha kukoboa. Wakaichukua sufuria yangu, bila ruhusa yangu, wakamwaga mafuta kidogo, wakaanza kukwangua kwa ncha ya chuma chenye moto huku lehemu inayeyuka humohumo ndani ya mafuta. Moshi ulijaa uwanja mzima. Walikohoa, wakagombana. Mara ya kwanza haikushika, mara ya pili haikushika. Mara ya tatu ikashika. Siyo vizuri sana, lakini ilishika. Babu alilipiga lile tone la lehemu kwa kucha, akalipiga tena. Sijawahi kumwona mtu mzima akifurahi hivyo kwa ajili ya sufuria inayonuka mafuta.

Kisha akauliza swali lililompeleka mtoto mbali. Aliuliza, "Hiyo ngozi, nani kaiona?"

"Kwa macho haionekani."

"Basi mmejuaje kwamba ipo?"

"Wanasema inahesabiwa," alisema. "Ila sijui wanahesabuje."

"Nenda ukajue," babu akasema. "Mimi siwezi kuamini ngozi ya kusikia."

Kwa hiyo alipokwenda chuo kikuu Dar es Salaam alisoma fizikia. Watu walimwambia asome uhasibu, asome uuguzi. Akamaliza, akarudi, akafundisha kwa muda shule moja ya huku Muleba akiwa mwalimu wa kujitolea, maana ajira hazikuwepo. Jioni anakaa na kompyuta yake ya mapajani, iliyochoka, kioo kina ufa. Mwalimu wake mmoja wa chuo alikuwa amemwonyesha kazi ya kuhesabu vitu. Alinieleza hivi. Kila kitu, chuma, bati, hata chumvi, kimejengwa na chembe ndogo zilizojipanga. Ukijua zimejipangaje na zinavutanaje, unaweza kukokotoa kitu hicho kitafanya nini kabla hata hujakitengeneza. Akachukua ungo wangu, akapanga maharage, meupe na mekundu, mstari kwa mstari. "Hili likitoka hapa, bibi, ona, jirani zake wote wanasogea. Kompyuta inanihesabia wanasogea kiasi gani."

"Na maharage yangu utayarudisha?"

"Nitayarudisha."

Babu yake alikuwa amesimama mlangoni. "Kwa hiyo unasoma vyuma na mikono yako haichafuki?"

"Haichafuki, babu."

"Hapo sasa umenipita. Mimi nimechafuka miaka yote."

Ilikuwa mzaha, lakini nilimwona akitazama viganja vyake.

Kazi ile haikuwa nyepesi kama nilivyodhani. Hesabu moja iliweza kuchukua kompyuta yake siku mbili, tatu, inaunguruma tu juu ya meza, na sisi tunanyata tusiiguse. Siku moja umeme ulikatika hesabu ikiwa siku ya tatu, na betri ya ile kompyuta ilikuwa imekufa zamani. Kila kitu kikapotea. Alitoka nje akakaa chini ya mgomba akalia kama aliyefiwa. Babu akamfuata. Sikusikia walichosema, ila nilisikia babu akisema, "Anza tena, mke mdogo. Sufuria ilishika mara ya tatu." Baadaye akanieleza kwamba ndipo alipoamua atasoma betri, kwa nini zinazeeka, kwa nini siku moja zinakataa kupokea umeme. Na wavuvi nao wakati huo walikuwa wameshaacha karabai, wanavulia taa za betri. Babu hakuwa na wagonjwa tena. Gunia lake alilikunja akaliweka darini.

Mtoto alipata ufadhili wa kusomea udaktari Afrika Kusini. Huko kuna kompyuta kubwa inayojaza chumba, watu wengi wanaitumia, hesabu zao zinapanga foleni. Akipiga simu babu anamwuliza, "Umefikiwa?" Anajibu, "Bado, mbele yangu kuna watu wenye magunia makubwa." Babu anacheka, anakuja kunieleza kwamba hata huko kuna foleni ya mashine.

Mwaka wa mwisho akatwambia amemaliza kitabu chake, amebakiza kukitetea. Mimi nikashtuka. "Kutetea? Umeshitakiwa nini?" Akacheka sana. Akanieleza kwamba wanakaa wazee wa elimu, wanakuuliza maswali, unasimama peke yako unajibu. Siku ilipangwa, ikaahirishwa kwa sababu mzee mmoja alisafiri. Ikapangwa tena.

Ni wakati huohuo kifua cha babu kilipoanza kumshinda. Tulimpeleka hospitali, tukakaa huko, mwisho wakatwambia tumrudishe nyumbani apumzike. Walisema kwa upole, tukaelewa. Babu mwenyewe alikataza mtoto asiambiwe. "Asisumbuliwe mpaka amalize. Atakuja na udaktari wake, tutakuwa madaktari wawili." Tukanyamaza. Kila akipiga simu babu anajikaza, anasema maneno mawili, anairudisha simu kwangu akisema ana usingizi.

Jumatatu moja asubuhi, nampa uji, akakisukuma kijiko. Akasema, "Mwite."

"Nimwite nani?"

"Mke mdogo. Mwite aje."

Nilijua maana yake. Nikatoka nje, mwanangu wa kiume, mjomba wake huyo mtoto, akabonyeza namba yake, akanipa simu. Nilisimama chini ya dirisha la chumba cha mgonjwa, maana hapo ndipo mtandao unapokaa. Dirisha lilikuwa wazi. Nilijua ananisikia.

"Bibi, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Uko salama?"

"Niko salama. Mbona sauti hivyo?"

"Babu yako." Nikatazama dirisha. "Babu yako amezidiwa. Njoo."

Nikasikia kitu kama mtu anayepumua ndani ya nguo. Kisha akalia kidogo, akajizuia.

"Nimeelewa, bibi."

"Njoo, mwanangu."

"Nimeelewa. Poleni. Pole sana, bibi yangu. Nani yuko na wewe?"

"Mjomba wako yupo. Majirani nao wanakuja."

"Mchungaji je?"

"Alikuja jana."

Leo nikiyarudia maneno hayo naona kila jibu langu lilikuwa la ugonjwa, na kila moja yeye alilisikia la msiba. Pole unampa mwenye mgonjwa, unampa na mfiwa. Majirani huja kwa yote mawili. Mchungaji vilevile.

"Bibi," akasema, "Alhamisi ndiyo siku yangu ile. Hata nikiondoka leo sitawahi."

"Mungu atakuwahisha."

"Sitawahi, bibi. Najua kwetu." Akalia tena. "Ngoja nimalize, nije nikae na wewe siku nyingi. Alhamisi nikimaliza tu nitaanza safari. Nisamehe. Mnisamehe wote."

Ningeweza kusema neno moja: anakuuliza. Au kusema: yuko hapa, ananisikia. Ningeweza kumpelekea simu kitandani. Lakini nilisikia "ngoja nimalize", na moyo ukanichoma. Nilijisemea, kumbe kitabu ni kizito kuliko babu. Nikasema, "Haya. Safari njema." Nikakata.

Nami nikanuna. Lazima niliseme hilo, ndilo linaloniumiza kuliko neno lenyewe. Mwanangu yule wa kiume aliniuliza Jumanne, "Mama, tumpigie tena?" Nikasema, "Nimeshamwambia. Mtoto wetu anajua maana ya kuambiwa." Nikaona kumbembeleza ni kujidhalilisha. Yeye naye alikuwa amezima simu. Alinieleza baadaye kwamba aliogopa kusikia sauti za matanga kabla hajasimama mbele ya wale wazee, asije akashindwa kujibu.

Babu aliuliza Jumanne, "Kafika?"

"Yuko njiani," nikamdanganya.

Jumatano akaomba nimnyoe ndevu. "Asije akaniogopa." Nikamnyoa na maji ya moto, taratibu, ngozi yake ilikuwa imelegea. Akashika uso wake akasema, "Sasa nimekuwa bwana arusi." Ndilo neno la mwisho la mzaha nililosikia kwake.

Alhamisi hakuuliza. Ila pikipiki yoyote iliyopita barabarani alifumbua macho, ikipita moja kwa moja anayafumba. Zilipita nyingi siku hiyo. Nilitamani kwenda kusimama barabarani kuzizuia.

Ijumaa, saa tatu asubuhi, nilikuwa namfuta mikono. Akapumua, nikangoja apumue tena.

Mwanangu akasema, "Sasa nimpigie." Nikamwambia, "Yuko safarini. Aliye njiani haambiwi." Hiyo nayo ni adabu ya kwetu. Babu alikuwa ameshatukataza tangu zamani kumweka kwenye friji za hospitali. Alisema amekaa na moto maisha yake yote, hataki baridi. Tukamzika Jumamosi kwenye kibanja chetu cha migomba, nyuma ya nyumba, kando ya mama yake na binti yetu.

Jioni ya Jumamosi mtoto akapiga simu. Amefika Dar es Salaam, kesho atapanda ndege ya Bukoba. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka kulia. Hakuuliza chochote, kama nilivyomfundisha. Nami sikumwambia chochote, kama ninavyojua. "Njoo salama," nikasema.

Mjomba wake, ambaye kwake ni Rwamishenye, pale Bukoba, alitoka hapa akaenda kumpokea uwanja wa ndege, wakaja naye mpaka huku. Waliongea habari za barabara. Alifika Jumapili mchana, watu bado wamejaa uwanjani. Wanawake wakamlilia kumpokea. Yeye hakulia. Alikuwa ameshalia wiki nzima peke yake kwenye chumba chake cha ugenini, machozi yamekwisha. Nilisikia mmoja nyuma yangu akinong'ona, "Elimu hukausha macho." Nami, Mungu anisamehe, sikumkemea.

Akapiga magoti mbele yangu. "Bibi, nisamehe nimechelewa."

"Umeshafika," nikasema. Sikumshika kichwa.

Alikuwa ameshaitwa daktari. Hakuna aliyempongeza, naye hakusema.

Jumatatu asubuhi nikamchukua twende kaburini, yeye na mimi tu. Udongo ulikuwa bado umevimba, mashada yameanza kunyauka. Fundi seremala alikuwa ameleta msalaba siku ileile ya mazishi, mweupe, ameandika kwa rangi nyeusi. Siku ya kuzaliwa kwa babu hatuijui, kwa hiyo iliandikwa ya kufariki peke yake. Mtoto akainama kusoma. Akakaa ameinama muda mrefu.

"Bibi, seremala amekosea."

"Amekosea nini?"

"Tarehe. Ameandika ya Ijumaa hii iliyopita."

"Hajakosea. Ni Ijumaa."

Akageuka. "Wewe ulinipigia Jumatatu."

"Nilikupigia Jumatatu."

"Ukasema amezidiwa."

"Alikuwa amezidiwa, mwanangu."

Nilipolisema ndipo na mimi nikalisikia. Nilimwona akihesabu. Huyu ni mtu wa hesabu, hazimchukui muda. Jumatatu, Jumanne, Jumatano, Alhamisi. Midomo ilikuwa inacheza.

"Alikuwa hai," akasema.

Nikaushika ule msalaba.

"Bibi, Jumatatu babu alikuwa hai?"

"Alikuwa kitandani. Dirisha lilikuwa wazi. Alikuwa anakuuliza."

Akakaa chini, juu ya udongo ule mbichi, na nguo zake za safari. "Ningeiacha," akasema. "Ile kazi ningeiacha palepale. Walishaiahirisha mara moja kwa ajili ya mzee wao, wangeiahirisha na kwa ajili ya mzee wangu. Jumanne ningefika Dar es Salaam, bibi. Jumatano ningekuwa hapa."

"Jumatano nilimnyoa," nikasema, sijui kwa nini nilisema hilo.

Nikakaa naye chini. Magoti yangu hayapendi, lakini nilikaa. Nikamwambia na lile la kununa, kwamba mjomba wake alitaka kupiga tena nikakataa, kwamba nilimwona amechagua kitabu. Nilidhani atanichukia, na ningemwelewa. Yeye alikuwa anavunjavunja bonge la udongo kwa vidole, analifanya laini, analirudisha mahali pake.

Kisha akasema, "Kumbe hakuna aliyeniambia."

"Kukuambia nini?"

"Kwamba amekufa. Hakuna mtu hata mmoja aliyeniambia. Nilimlilia siku nne akiwa mzima. Na alipokufa nilikuwa uwanja wa ndege nakunywa chai." Akanishika mkono. "Niambie sasa, bibi."

"Mwanangu, si unaona kaburi?"

"Niambie."

"Babu yako ametutoka."

"Hapana. Usiseme hivyo."

"Amepumzika."

"Bibi, bojo, nakuomba. Sema."

Katika maisha yangu nimezika wazazi, nimezika mtoto, na neno hilo sijawahi kulitamka mbele ya mfiwa. Kwetu linatamkwa kwa mbuzi, kwa kuku. Ulimi ulikuwa mzito kama wa mgonjwa. Nilimtazama usoni.

"Babu yako amekufa," nikasema. "Amekufa Ijumaa, saa tatu asubuhi. Nilikuwa nimemshika mkono."

Ndipo akalia. Alilia kwa sauti, ile ya kwetu, ya kutoka tumboni, mpaka wanawake waliokuwa jikoni wakaacha sufuria motoni wakaja mbio kupita kwenye migomba, mikono imejaa unga, wanauliza, "Nani tena? Waitu, nani tena?"